Hii muvi ya nyumba yenye mizimu imeniuma kwa kweli

Jana usiku mimi na mdogo wangu tulijifungia chumbani huku Mabatini, taa tumezima, laptopu tumeiweka juu ya ndoo, tukaanza muvi ambayo nimeisubiri wiki nzima. Mimi muvi za kutisha nazipenda mno jamani, hasa hizi za bajeti ndogo, nyumba moja, watu wanne basi.

Sasa hii. Familia imehamia jumba kuukuu, dakika ya tano tu mzimu huyo hapo kasimama koridoni, taa zote zinammulika, kapakwa unga usoni na unaona kabisa unga ulipoishia shingoni, chini yake ngozi ya kawaida tu. Halafu mziki! Kila mlango ukitaka kufunguka mziki umeshatangulia DUUUM, kwahiyo ushajua kinachokuja, utaogopa saa ngapi?

Na msiniambie ni hela. Ile muvi ya kutisha ya Paranormal Activity ilitengenezwa kwa kama dola 15,000 tu, mwongozaji wake Oren Peli alishutia nyumbani kwake mwenyewe huko San Diego, kamera imetegwa kona ya chumba watu wamelala, mlango ukisogea kidogo tu unajikuta umebana pumzi. Kuacha kimya kunataka hela gani?

Nyumba yetu imeegemea jiwe, bati linachomwa na jua kutwa nzima, ikifika saa nne usiku baridi ikianza kushuka utasikia kwa!... halafu kimya... halafu kwa! tena upande wa pili. Tangu mdogo naujua huo mlio, najua ni bati linapoa, lakini pale katikati unaposubiri wa pili ndo moyo unadunda. Hao jamaa wa muvi ya jana walikuwa na jumba zima na hawakusikiliza hata dari lake.

Ila kuna sini moja. Mama anakunja nguo za mtoto kitandani, hakuna mziki, hakuna mtu anaongea, kigauni kimoja kinavutwa taratiiibu kwenda uvunguni na yeye hajaona, anachukua kingine anakunja, anakinyoosha na kiganja. Mdogo wangu alinikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. Nikasema moyoni haya, hapohapo, msitoke hapo.

DUUUM, mzimu huyo kutoka uvunguni anacheka, na unga wake.

Mdogo wangu akaniachia mkono.