Siku Moja Maishani Mwangu: Nilipopeleka Mswada Wangu Darasa la Tano, Kigoma

Saa 11:30 alfajiri. Sisi tunaoishi magharibi mwa nchi jua hutufikia kwa kuchelewa, kwa hiyo nilipowasha taa nyumbani kwangu mtaani Mwanga, mjini Kigoma, nje kulikuwa bado na giza totoro. Niliusoma mswada wa hadithi yangu mpya kwa sauti, kwa sababu sentensi ya kitabu cha watoto lazima ipite mdomoni kabla ya kwenda kwa mchapaji. Pale ulimi wangu unapojikwaa ndipo mtoto atakapokwama. Kitabu kitakuwa na kurasa 24 tu, na picha zitachukua nusu ya nafasi, hivyo hakuna neno la kupoteza.

Saa 1:45 asubuhi. Bodaboda ilinishusha kwenye lango la shule ya msingi iliyo jirani na ziwa, upande wa Kibirizi. Nilisaini kitabu cha wageni na kusalimiana na mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa Kiswahili akaniambia kwamba kwa kuwa kipindi ni dakika 40, ameniunganishia viwili.

Saa 2:40. "Shikamoo, mwalimu!" Darasa zima lilisimama. Niliitikia marahaba nao wakaketi, watatu watatu kwenye dawati. Sikueleza uandishi ni nini, maana mgeni akianza kwa hotuba watoto hukunja mikono na kusubiri imalizike. Nilianza kusoma moja kwa moja: mtoto amejificha ndani ya mtumbwi wa baba yake, mwezi mpevu unang'aa juu ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wamewasha karabai na dagaa wanajaa nyavuni.

Mkono uliinuka dawati la tatu. Msichana mmoja alisimama, akaupangusa mkono wake kwenye sketi, akasema kwa adabu kubwa, "Samahani mwalimu, mwezi ukiwa mkubwa hawaendi."

Nilimwuliza sababu.

"Dagaa wanafuata taa. Mwezi ukiwaka, ziwa lote lina mwanga, hawajikusanyi."

Mvulana aliyekaa nyuma akaongeza kwamba karabai nazo siku hizi ni za wazee, kwani baba yake hutumia taa za betri. Nimekula dagaa wa ziwa hili tangu utotoni, lakini usiku ule niliuandika kwa ajili ya uzuri wake tu, bila kumwuliza mtu aliyewahi kukesha huko. Niliukata mstari huo kwa kalamu mbele yao, nikawaomba wanieleze zaidi, na kwa robo saa iliyofuata wao ndio waliofundisha. Mmoja alisema kwamba samaki wakikaribia taa, maji huonekana kama yanachemka. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na nilimwomba ruhusa ya kuyatumia.

Saa 4:00. Chai na mihogo ya kuchemsha katika ofisi ya walimu.

Saa 4:40. Niliwaomba waandike ukurasa mmoja juu ya jambo lililotokea nyumbani kwao, bila kumalizia na funzo. Karatasi nyingi zilianza na sungura na fisi wa hapo zamani za kale. Sungura nampenda, ni wetu, ila huwa nasikitika mtoto anapoamini kwamba nyumbani kwao hakuna kinachostahili kuandikwa. Kisha nikafika kwa mvulana aliyekuwa ameifunika karatasi yake kwa kiwiko. Alikuwa akieleza mwaka 2024, uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana: "Baba alishinda nyumbani akishona nyavu. Mama aliuza mawese. Siku moja baba alipika uji ukaungua. Tukaunywa."

Aliniuliza kama hiyo nayo ni hadithi. Nilimwambia ni hadithi kamili, na kwamba asiongeze hata neno moja baada ya "tukaunywa". Alipoisoma mbele ya darasa, wenzake wengi walikuwa na baba aliyekaa nyumbani miezi ileile, na karatasi za sungura zikaanza kugeuzwa upande wa pili.

Saa 7:00 mchana. Kabla ya kuaga nilionyeshwa kabati la vitabu. Vya kiada vilikuwapo. Vya hadithi vilikuwa vichache, vingine vimepoteza majalada kwa kusomwa sana. Niliacha nakala kumi za vitabu vyangu, ambazo najua hazitoshi darasa moja.

Saa 2:00 usiku. Baada ya ugali wa muhogo na migebuka nilimpigia simu mchoraji, ambaye alikwisha kuuchora mwezi mpevu katika kurasa mbili zinazotazamana. Nilimsimulia aliyoyasema yule msichana. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza giza la ziwani lina rangi gani taa zikiwa zimewashwa. Sikuwa na jibu la kumpa. Tumekubaliana tukutane Kibirizi siku za giza, mwezi ukiwa umekwisha, tuwaone wavuvi wakitoka.