Tone Lililonyamaza

Nimerudi nyumbani macho yakiwasha kwa kuinamia hadubini kutwa nzima, na usingizi hauji. Basi acha niandike.

Wiki iliyopita nilipoteza kazi ya karibu wiki mbili. Zilikuwa gametositi za Plasmodium falciparum, yaani vimelea vya malaria katika hatua inayosubiri mbu. Huchukua siku 10 hadi 12 kukomaa, na zikikomaa huwa na umbo la hilali. Nilitoa chupa kwenye joto la nyuzi 37, nikaiweka mezani, nikatoka kupokea simu. Niliporudi gametositi za kiume, yaani madume, zilikuwa zimeshaamka bila mimi. Kwa kimelea huyu kupoa ni habari: ameshatoka kwa mtu, yumo tumboni mwa mbu. Nadhani ndiyo maana Laveran, daktari Mfaransa aliyegundua vimelea vya malaria, aliweza kuwaona wakiamka kule Constantine, Algeria, Novemba 1880. Damu ya mgonjwa ilikuwa imepoa kiooni mbele yake.

Leo simu niliizima. Nilitenga matone mawili, nikayapoza, nikayatia asidi ya zanthureniki, ambayo mbu anayo mwilini mwake. Lile la pili nilikuwa nimelitia kwanza kemikali inayopenya ndani ya seli na kuikamata kalsiamu.

Katika tone la kwanza hilali zilijikunja zikawa duara. Dakika ya 12 dume moja likatetemeka, mara mikia, ambayo ndiyo mbegu zake za kiume, ikachomoza pande zote, ikizichapa chembe nyekundu za jirani mpaka zinayumba. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado moyo hunienda mbio.

Tone la pili likanyamaza. Hakuna mkia hata mmoja.

Tangu utotoni kalsiamu kwangu ilikuwa maziwa na mifupa. Ndani ya kimelea, kalsiamu iliyo huru ni kidogo mno, kama mara 10,000 chini ya ile iliyo katika majimaji ya damu yetu. Nyingine imefungiwa ghalani, kama hela za kibubu. Ishara ya mbu ikifika ghala hufunguka, na kwa sekunde chache tu kalsiamu hufurika. Protini iitwayo CDPK4 huipokea, na dume huanza kunakili DNA yake mara 3 ndani ya dakika 10 hivi. Ndiyo maana mbegu zake hufika 8. Baadaye pampu huirudisha kalsiamu ghalani.

Protini za ukoo huo binadamu hana. Ndugu wa karibu wa protini hizo wako kwenye mimea. Hapo ndipo ninapong'ang'ania: dawa ya kuizuia huenda isimguse mtu.

Masika iliyopita mwanangu aliugua malaria. Alimeza dozi yote, homa ikaisha, siku ya nne yuko uwanjani na mpira. Nilimtazama nikijua kwamba gametositi huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Hazimuumizi yeye. Zinamngoja mbu atakayezipeleka kwa mtoto wa jirani.

Kemikali niliyotumia leo haifai kumpa mtu, kwa kuwa inakamata kalsiamu ya seli yoyote, hata za moyo. Inayotakiwa ni ile itakayoifunga CDPK4 peke yake.

Nililitazama lile tone dakika 25, kisha nikaomba mwenzangu naye atazame. Kesho tunarudia kwa damu nyingine.