Utuopoe maovuni

Jumapili, usiku

Alhamisi tulimzika bibi mzaa baba katika kibanja chake, kando ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na tangu siku hiyo neno moja la sala limekataa kunitoka akilini. Upande wa baba ni Walutheri, watu wa usharika, mchungaji na Chakula cha Bwana. Upande wa mama ni Wakatoliki, watu wa kigango, padri na Komunyo. Nimelelewa katikati ya misamiati hiyo miwili, na sikuwahi kuona taabu ya kuhama kutoka huu kwenda ule, hasa kwa kuwa yako maneno ambayo pande zote mbili huyatumia, kama kipaimara, neno ninalolipenda kwa jinsi lilivyoundwa wazi: kinachompa mtu uimara.

Mchungaji alipoanza Baba Yetu pale kaburini, tulikwenda pamoja hadi "jina lako litukuzwe". Kisha upande mmoja ukasema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe", upande mwingine "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", na tulipofika kwenye chakula sauti ziligongana kabisa, hawa wakiomba riziki, wale wakiomba mkate wa kila siku. Watoto waliokuwa mbele yangu walinyamaza, wakatazamana, wakasubiri wakubwa wakutane tena.

Riziki ndiyo iliyomo katika Biblia ya Union Version ya 1952, na ni neno pana kuliko chakula. Riziki ni kazi, ni mvua, ni mteja wa kwanza wa asubuhi, ni mtoto. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alieleza kwamba mkate wa kila siku ni kila kitu ambacho mwili unakihitaji, hata nguo na viatu, nyumba, serikali njema na hali nzuri ya hewa. Sioni neno la Kiswahili linaloweza kubeba mzigo huo wote isipokuwa riziki. Hata hivyo, Mkatoliki anapotamka mkate, mbele ya macho yake ipo altare, nao mkate anaouomba ni ule ule anaotarajia kuupokea. Mama yangu, ambaye chakula chake cha kila siku maisha yake yote kimekuwa ndizi, hajawahi kuliona neno hilo kuwa geni.

Lakini lililonishika ni lile la mwisho. Walutheri walisema "utuokoe na yule mwovu", nasi tukasema "utuopoe maovuni". Nilipokuwa mwanafunzi wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza nililikariri bila kulielewa, nikidhani ni namna ya kizamani ya kusema utuokoe. Nililielewa hapa hapa, kwa bibi. Kamba ya kisima ilikatika, ndoo ikazama, na baba mdogo akaleta kulabu ya chuma yenye meno matatu. "Shika tochi, tuiopoe," aliniambia. Nilimulika chini muda mrefu, nikaona maji meusi na uso wangu mdogo. Kulabu ilikwaruza mawe, ikapanda tupu, ikashuka tena, na bibi akasimama pembeni akiwa ameshika ncha ya kamba, akisema polepole tu, polepole. Ndoo ilipopanda ilikuwa imejaa tope, nayo haikuwa imefanya lolote la kujisaidia.

Tangu hapo nimejua tofauti. Mtu anaweza kuokolewa kabla hajaanguka, akavutwa nyuma akiwa bado ukingoni, lakini anayeopolewa ameshazama. Na katika "yule mwovu" yupo adui mwenye uso, ilhali maovuni ni mahali, kama kisimani, na mtu yumo ndani yake. Kigiriki cha Injili ya Mathayo kinaruhusu maana zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyekosea pale kaburini. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200, redio ilirudia neno hilo kwa siku kadhaa, miili imeopolewa, miili mingine imeopolewa, mpaka nikawa nashindwa kulitamka kanisani. Kisha, siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo wa kivuko alitolewa ndani yake akiwa hai. Jumapili iliyofuata nilisali sala ile kwa sauti yangu yote.

Bibi hakuwahi kuisali kwa maneno yetu. Alisema utuokoe hadi siku ya mwisho, na mimi nimemzika nikisema utuopoe, kwa sababu sina neno jingine ninaloliamini kiasi hicho mbele ya shimo lililochimbwa.

Sisi wa upande wa mama tulipomaliza tukaitika Amina, kwa kuwa nje ya Misa ndipo tunapoishia. Walutheri waliendelea, "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Nilimtazama mama. Alikuwa ameshafanya ishara ya msalaba, rozari ikiwa bado mkononi, lakini midomo yake ilikuwa ikiendelea pamoja nao, taratibu, hadi "hata milele", akamsindikiza mama mkwe wake mpaka mwisho wa sala ya kwao. Kisha akainama, akachota udongo kwa kiganja, akautupa.