Acha chuma kife kwanza

Nilipiga dedilifti, zoezi la kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima, miezi minne bila kujua neno lenyewe linasema nini. Tunafanyia mazoezi uani Temeke: bomba la chuma, kila upande ndoo ya rangi ya lita 10 iliyojazwa zege. Nilikuwa nanyanyua, nashusha haraka, ndoo zikigusa chini tu nimeshapanda tena. Mara 12 bila kupumua. Nikajiona nina nguvu kweli. Kumbe kiuno kinalipa. Asubuhi kuinama kufunga kamba za viatu ikawa kazi.

Kocha, mtu mzima aliyebeba mizigo miaka mingi, akanisimamisha.

"Mdogo wangu, hiyo 'dedi' maana yake nini?"

"Kufa, kaka."

"Nani anakufa?"

Nikanyamaza.

"Chuma. Kikifika chini kiache kife kwanza, ndipo ukifufue."

Hapo nikaelewa. Kwenye skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani) au benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) unaanza kwa kushusha, misuli inavutika kama mpira wa manati, inakusaidia kurudi juu. Dedilifti mzigo unaanza umelala, haukusaidii chochote. Mimi nilikuwa naiba ule mshtuko wa chini, na mgongo ukilegea sina muda wa kuukaza upya. (Ile ya Kiromania, iliyopata jina kwa sababu ya Nicu Vlad, bingwa wa Olimpiki 1984, ni habari nyingine: inaanzia juu na chuma hakitui chini.)

Kulikuwa na kosa la pili. Vyuma vikubwa vya duara vya mashindano vina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo bomba linakaa kama sentimita 22 na nusu juu ya ardhi. Nikapima letu kwa futi kamba: sentimita 13. Nilikuwa nainama kupita kiasi kila mara! Tukaweka tofali la kuchoma chini ya kila ndoo, na vipande vya mbao visivyoiruhusu kubiringika. Ikafika 22.

Sasa napiga 5 tu. Natua, natoa pumzi, navuta nyingine hadi tumboni, nakaza mgongo, nanyoosha mikono mpaka bomba likaze, ndipo naisukuma ardhi kwa miguu. Maumivu ya kiuno yalikwisha ndani ya wiki sita.

Jana jioni kocha alikaa kwenye kigoda akihesabu kwa vidole. Alikuwa hakunji kidole mpaka ndoo zitulie.