Chupa ya Nusu Lita

Dambeli za jimu yetu ya uani kule Temeke nilizitengeneza mimi, mwaka 2016. Fundi rangi hakosi makopo matupu. Kopo la lita 4 ukilijaza zege linakaribia kilo 10, na ukiweka moja kila ncha ya bomba la chuma una dambeli ya kilo 20. Nilikuwa nazisukuma juu ya kichwa, moja kila mkono, mara 8 bila kupumzika.

Lakini usiku sikuweza kulalia bega la kulia. Kazini nikiinua rola kupaka dari, mkono ukifika usawa wa sikio, bega linachoma kwa mbele na maumivu yanashuka hadi katikati ya mkono. Mafundi wengi ninaowajua wana bega la namna hii. Wanapaka dawa ya kuchua, asubuhi wanapanda ngazi. Mimi niliamini bega langu halijakomaa, nikazidi kusukuma.

Jumamosi moja likagoma. Dambeli ilifika nusu ya njia, mkono ukalegea, zege likachimba udongo kando ya unyayo wangu. Uani pakawa kimya. Kocha, mzee aliyecheza ngumi ujanani, hakunigombeza. Alinivua fulana, akasimama nyuma yangu, akaniambia niinue mikono yote miwili polepole huku viganja vyake viko juu ya makombe ya mabega yangu.

"Mwanangu, hili la kulia linakimbilia sikioni. Mbele umelisha, nyuma umesahau."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

Akanipa chupa ya maji ya nusu lita. Nusu kilo!

Nikalala mkekani kwa ubavu wa kushoto. Kiwiko cha kulia nilikikunja, kikabana taulo lililoviringishwa mbavuni, halafu nikawa nazungusha mkono kutoka tumboni kwenda juu bila kiwiko kubanduka. Hesabu ilikuwa 15. Kwenye ya 11 chupa ikaanza kutetemeka, nikasikia maji yakigonga plastiki. Moto ukawaka nyuma ya bega, mahali ambapo sikuwahi kujua kama nina msuli. Mimi wa kilo 20!

Mzee alichuchumaa pembeni akanieleza. Msuli mkubwa wa nje kazi yake kuinua mkono. Ndani yake iko midogo minne inayoshika kichwa cha mfupa kisihame mahali pake. Hiyo midogo ikichoka, mfupa unapanda na kubana kano kila unapoinua mkono. Nilimsikiliza nikiwaza miaka yote ya madari niliyopaka.

Nilirudi kila baada ya siku moja. Chupa kwanza, baadaye kuinama mgongo umenyooka na kufungua mikono kama mabawa, baadaye kuinua kwa pembeni, mikono mbele kidogo, vidole gumba juu, na kuishia usawa wa bega. Makopo ya zege yalikaa ukutani. Yaliniuma kuyaona pale, lakini nilimtii mzee.

Wiki ya 6, alfajiri, nilizinduka nimelalia bega la kulia. Sikujigeuza. Nilibaki hivyohivyo nikisikiliza adhana hadi ikaisha.