Mpaka Uligombewa Washington, Mshahara Ukakatika Maryland

Kila mara habari za Marekani zinapotangaza kwamba serikali imefungwa, ndugu na jamaa walioko nyumbani huniuliza inakuwaje nchi yenye utajiri wote huu ishindwe kuwalipa watumishi wake, na kwa nini wakubwa wagombane kuhusu mpaka wa Mexico ilhali anayekosa mshahara ni mtu wa usafi aliyeko mbali kabisa na mpaka huo. Swali hilo linanigusa, kwa sababu katika majira ya baridi ya mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 nilikuwa ninafanya usafi katika jengo moja la serikali mjini Washington, huku nikiishi upande wa Maryland pamoja na Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaotegemea kazi za namna hiyo. Mwajiri wangu hakuwa serikali yenyewe. Nilikuwa chini ya kampuni iliyopewa zabuni, na tofauti hiyo, ambayo siku za kawaida hakuna anayeijali, ndiyo iliyoamua nani angefidiwa na nani angepoteza moja kwa moja.

Kwetu Tanzania bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti ya Serikali, ili wananchi waamue kwa kura. Kenya nayo, katika Ibara ya 222 ya Katiba yake, imeweka utaratibu wa Bunge la Taifa kuidhinisha sehemu ya fedha ili shughuli ziendelee wakati sheria ya matumizi imechelewa. Marekani haina kinga ya aina hiyo. Rais hawezi kulivunja Bunge, Bunge haliwezi kumwondoa Rais kwa sababu ya bajeti, na katika Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, muswada wa matumizi kwa kawaida huhitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, kiasi ambacho chama kimoja hukifikia kwa nadra sana. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Tarehe hiyo ikifika bila makubaliano, au muda wa nyongeza ukiisha, ofisi husika hazina ruhusa ya kutumia fedha.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria inayokataza matumizi yasiyoidhinishwa na Bunge ni ya karne ya 19, lakini kwa miaka mingi ofisi ziliendelea kufanya kazi wakati wabunge wakivutana, zikiamini kwamba fedha zingekuja. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alitoa tafsiri kwamba ofisi isiyokuwa na fedha zilizoidhinishwa inapaswa kusimamisha kazi, na mwaka uliofuata akafafanua kwamba shughuli za kulinda maisha na mali za watu zinaweza kuendelea. Kutokana na tafsiri hiyo yalizaliwa makundi mawili ya watumishi ambayo sisi huku tumeyazoea: wanaoamriwa kubaki nyumbani bila malipo, na wanaoamriwa kufika kazini bila malipo. Mimi ninaona kundi la pili ndilo lenye mzigo mzito zaidi, kwa sababu mtu huyo hana hata nafasi ya kutafuta kibarua kingine mchana.

Mvutano wa 2018 ulihusu dola bilioni 5.7 ambazo Rais Donald Trump alizitaka kwa ajili ya ukuta. Mpaka wa Marekani na Mexico una urefu wa zaidi ya kilomita 3,100, na wakati huo takriban kilomita 1,050 zilikuwa tayari na uzio wa aina moja au nyingine, uliojengwa chini ya marais wa vyama vyote viwili. Tarehe 11 Desemba, mbele ya kamera katika ofisi yake, Rais aliwaambia Nancy Pelosi na Chuck Schumer, viongozi wa Wademokrati bungeni, kwamba angeona fahari kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka. Wiki moja baadaye Seneti ilipitisha muswada wa kuendeleza matumizi kwa muda bila fedha za ukuta, na wengi wetu tukadhani jambo limekwisha. Rais akakataa. Baraza la Wawakilishi, ambalo bado lilikuwa mikononi mwa Warepublican, chama cha Rais, likaongeza hizo bilioni 5.7 kwa kura 217 dhidi ya 185, Seneti ikashindwa kufikisha kura zilizohitajika, na usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba takriban robo ya serikali ikakosa fedha. Tarehe 3 Januari Wademokrati wakashika uongozi wa Baraza, Pelosi akawa Spika, na tangu siku hiyo hakuna upande uliotaka kuonekana umelegeza kwanza.

Watumishi wa serikali wapatao 800,000 waliguswa, na zaidi ya nusu yao waliendelea kufanya kazi. Hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu wengi waliokuwa wakifuatilia kwa mbali hawakuliona jambo hili. Miongoni mwa waliofanya kazi bila mshahara walikuwamo askari wa doria wa mpaka huohuo uliokuwa ukigombewa, maofisa wa forodha, wakaguzi wa abiria katika viwanja vya ndege, na wanajeshi wa Walinzi wa Pwani, ambao wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani na kwa hiyo hawakulipwa ilhali wenzao wa majeshi mengine walilipwa. Mfumo wa kielektroniki ambao waajiri huutumia kuhakiki kama mtu ana haki ya kufanya kazi nchini ulizimwa. Mahakama za uhamiaji, ambazo ziko chini ya Wizara ya Sheria, ziliendelea na kesi za watu walioko kizuizini tu. Kesi nyingine zote zilisogezwa, maelfu kwa maelfu, wakati tayari zaidi ya kesi 800,000 zilikuwa zikisubiri. Aliyetaka mpaka ulindwe alipata mlinzi asiyelipwa na hakimu aliyeko nyumbani.

Katika kanisa tunalosali yupo mzee mmoja kutoka Kivu ya Kusini, ambaye sote tunamwita Papa, aliyekuwa amesubiri kwa miaka siku ya kusikilizwa kwa ombi lake la hifadhi. Mke wake na watoto walikuwa bado kambini, na hawakuweza kumfuata mpaka ombi hilo likubaliwe. Siku yake ilikuwa Januari. Alikuwa amekwisha kukusanya barua za mashahidi na kuzitafsirisha kwa gharama kubwa, na wakili alikuwa amemwandaa. Tulipomweleza kwamba mahakama haitakaa, aliuliza ni lini basi, na hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu kesi iliyoahirishwa hairudi wiki inayofuata bali hupelekwa nyuma ya kalenda ambayo tayari imejaa. Watu waliokuwa wakisema kwa sauti kubwa kwamba wahamiaji wafuate sheria na wasubiri zamu yao walikuwa wameifuta zamu ya mzee aliyeifuata sheria hatua kwa hatua. Jambo hilo lilinikasirisha wakati ule, na hasira hiyo haijapungua.

Tarehe 11 Januari watumishi wa serikali walikosa hundi yao ya kwanza. Mjini Washington, mpishi maarufu José Andrés alifungua jiko la kuwagawia chakula, na foleni ya watu wenye vitambulisho vya serikali shingoni ilionekana barabarani. Tarehe 16 Januari Rais alitia saini sheria inayowahakikishia watumishi wa serikali kulipwa malimbikizo yao kila serikali inapofungwa na kufunguliwa tena. Niliisoma sheria hiyo kwa makini nikitafuta mahali tulipotajwa sisi wa makampuni ya zabuni, yaani watu wa usafi, walinzi wa milangoni na wapishi wa migahawa ya ofisini. Hatukutajwa. Jengo likifungwa hakuna sakafu ya kupigwa deki, kampuni hailipwi na ofisi, na kampuni nayo haimlipi mfanyakazi. Ofisa ambaye kapu lake la taka nililimwaga kila jioni aliteseka kwa wiki kadhaa kisha akalipwa yote. Sisi hatukurudishiwa hata saa moja.

Katika kipindi hicho niliona thamani ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana kuliko wakati mwingine wowote. Katiba ya kikundi ilitaja misiba na ugonjwa tu, lakini wazee wetu walikaa kikao na kuamua kwamba aliyefungiwa kazi ahesabiwe kama aliyefikwa na maradhi, akopeshwe kodi ya pango bila riba. Dada mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akilinda mlango wa jumba moja la makumbusho, alisimamisha kwa muda ada ya shule aliyokuwa akimtumia mdogo wake, na mwenye shule hakuelewa kabisa ni vipi ukuta wa Texas umeingia katika ada ya mtoto wa Likoni. Wengi wetu tulipitia hayo. Fedha tunazotuma nyumbani hutoka katika mishahara ya chini kabisa ya mji huu, na mishahara hiyo ndiyo hukatika kwanza.

Kilichoumaliza mvutano ule hakikuwa hoja ya upande wowote. Tarehe 24 Januari Seneti ilipigia kura mapendekezo mawili, la Rais likapata 50 dhidi ya 47 na la Wademokrati 52 dhidi ya 44, yote mawili yakiwa chini ya 60. Kesho yake upungufu wa waongoza ndege, waliokuwa wamekosa hundi mbili, ulisababisha ndege kuzuiwa kwa muda kwenda uwanja wa LaGuardia jijini New York, na ucheleweshaji ukasambaa katika viwanja vingine. Jioni hiyohiyo, baada ya siku 35, serikali ilifunguliwa. Wiki tano za watu wa kipato cha chini kupanga foleni ya chakula hazikuwa zimewatikisa viongozi kiasi hicho. Safari za ndege zilipokwama, makubaliano yalipatikana kabla ya siku kwisha. Februari Bunge liliidhinisha dola bilioni 1.375 kwa takriban kilomita 88 za uzio, Rais akatangaza hali ya dharura tarehe 15 ili apate fedha zaidi kutoka mafungu mengine, na ofisi ya bajeti ya Bunge ilikuwa tayari imekadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 11, kati yake bilioni 3 zisingerudi kamwe. Pendekezo la kuwalipa wafanyakazi wa zabuni halikuingizwa katika makubaliano hayo.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu mambo yamebadilika kwa namna ambayo wengi katika jumuiya yetu hawajaizingatia. Julai 2025 Bunge lilipitisha sheria kubwa ya kodi na matumizi kwa utaratibu maalumu usiohitaji kura 60. Katika Seneti ilipita kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akiwa ndiye aliyevunja sare. Ndani yake zimo takriban dola bilioni 46.5 za ukuta na bilioni 45 za vituo vya kuwashikilia wahamiaji, zinazotumika kwa miaka kadhaa bila kusubiri bajeti ya kila mwaka. Kwa hiyo serikali ilipofungwa tarehe 1 Oktoba 2025, safari hii kwa mvutano wa ruzuku za bima ya afya, askari wanaowakamata wahamiaji waliendelea kulipwa kutoka katika fedha za sheria hiyo, ilhali waongoza ndege hawakulipwa na msaada wa chakula unaowategemeza watu wapatao milioni 42 ulikwama Novemba. Kufungwa huko kulidumu siku 43, kwa muda mrefu kuliko kule kwa 2018. Wafanyakazi wa zabuni, kwa mara nyingine, hawakuwa na sheria ya kuwarudishia chochote.

Mimi nilikwisha kuiacha kazi ile, lakini wengi mnaoyasoma haya bado mko ndani ya majengo hayo. Mwenye kesi ya uhamiaji ahakikishe anuani yake mahakamani ni sahihi, kwa sababu taarifa ya tarehe mpya hutumwa kwa posta, na kwa asiyefika, hukumu ya kuondolewa nchini inaweza kutolewa bila yeye kuwepo. Mwenye mkataba wa pango azungumze na mwenye nyumba siku serikali inapofungwa, kabla deni halijaanza, na aombe makubaliano ya maandishi. Na ninyi mliokwisha kupata uraia, ambao wagombea wa Maryland na Virginia huja kuwaomba kura makanisani na misikitini, waulizeni jambo moja kabla hawajaondoka ukumbini: je, watapiga kura ya kuwalipa malimbikizo watu wa usafi na walinzi wa makampuni ya zabuni kama wanavyolipwa watumishi wa serikali? Wakijibu ndiyo, waulizeni muswada huo utaletwa lini.