Katoni Mbili za Riwaya Mpya, Syokimau hadi Mji wa Kale

Riwaya yangu imetoka. Ni fantasia ya kusisimua yenye kurasa 320, na kwa kuwa kisa chake chote kimo kisiwani Mombasa, uzinduzi ulistahili kufanyika huko huko, si Nairobi ilikochapwa. Kazi ikawa kuifikisha.

Jambo la kwanza ni uzito. Kitabu cha A5 cha kurasa hizo, karatasi ya gramu 70 kwa mita ya mraba, hukaribia gramu 365. Nakala 40 ni kilo 14 na nusu hivi, na hapo ndipo pa kukomea. Ukishindilia 60, katoni hupasuka kitako unapoinyanyua, na pembe za vitabu ndizo zinazoumia. Vilaze bapa, migongo ipishane kulia na kushoto ili rundo lisiinamie upande mmoja. Nilibeba katoni mbili, kila moja imefungwa kwa kamba badala ya kuzungushiwa utepe wa gundi. Sababu utaiona Syokimau, stesheni ya Nairobi ya treni ya SGR: mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria wakasogea kando, mbwa wakapita wakinusa, kisha inaingia kwenye mashine. Askari akitaka kuona ndani, kamba hufunguka bila kisu. Fika saa nzima kabla ya treni, na kitambulisho mkononi.

Nilipanda ile ya saa mbili asubuhi, inayosimama vituo vya njiani: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Inachelewa kuliko ya moja kwa moja, lakini unaipita Tsavo mchana, ukiiona dirishani. Katoni usiiweke rafu ya juu, kilo 14 juu ya vichwa vya watu si mchezo.

Balaa lenyewe linangoja Miritini, stesheni ya Mombasa, nalo ni hewa. Jalada lina plastiki upande wa nje tu. Karatasi ya ndani hunywa unyevu wa pwani ikatanuka, plastiki haitanuki, basi jalada linajikunja kwenda nje na kitabu kipya kinaonekana kama kimeshasomwa na mtaa mzima. Vifunge vitabu kwa nailoni kabla ya kuondoka, uvifungue siku ya uzinduzi, na usiku uvigandamize kwa kitu kizito. Usiviache ndani ya gari lililofungwa juani pia: gundi ya mgongo hulainika, kurasa zikaanza kung'oka.

Stesheni iko bara, mjini bado. Makanga wa matatu alizitazama katoni akauliza, "Mna nini humu, ami?"

"Vitabu."

"Vitabu vizito hivi? Basi lipia kiti."

Lipa. Ni nafuu kuliko teksi, na katoni inakaa kavu.

Kabla ya kwenda madukani nilipitia Fort Jesus, kwa sababu riwaya inaanzia mbele ya ngome hiyo. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama pale chini. Wazamiaji waliifukua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo kwenye makumbusho ya ngome. Hayo ni ya kweli. Ya kubuni ni kile anachokipandisha mzamiaji wangu, kisichokuwa cha Wareno wala cha Waomani, na kinachomjua Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi ya kale ya mji. Jini msomaji humkubali. Kona ya uongo haikubali. Anayefukuzwa kutoka ngomeni lazima aifuate barabara ya Ndia Kuu inavyopita kweli, maana wasomaji wa Mji wa Kale watakusahihisha mbele ya watu.

Madukani vitabu huachwa kwa mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza. Andika hati mbili zenye idadi, bei, asilimia ya duka na tarehe ya kuhesabiana, kila upande ubaki na yake. Bila tarehe, hesabu haina mwisho.

Uzinduzi usiupange Ijumaa mchana. Baada ya Alasiri ndipo watu hutoka, na shughuli imalizike kabla ya Maghribi. Kuwa na noti za hamsini na mia za kutosha, hata kama namba ya M-Pesa imebandikwa mezani. Nakala zilizosalia zimo dukani Mji wa Kale, juu ya ubao, mbali na ukuta wa mawe ya matumbawe unaotoa chumvi na unyevu.